Mbweha Nyuma ya Kayaba

Chiku alikuwa amesimama mbele ya pengo la kayaba, ule ua wetu wa miti ya miiba, mkia umekakamaa, manyoya ya shingo yamemsimama. Hatua mbili mbele yake alikuwa mbweha.

Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Nilikuwa nimetoka nje kuwasha jiko la makaa ili chai iwe tayari kabla watoto hawajaamka. Mwanga ulikuwa mchache lakini ulitosha. Nilimwona vizuri: mgongo mweusi wenye mvimvi tangu shingoni hadi mkiani, kana kwamba ametandikwa shuka, mbavu za rangi ya udongo wa kwetu, masikio yaliyochongoka, na miguu myembamba sana kwa mnyama anayesemwa vibaya namna ile.

Chiku hubwekea bodaboda. Hubwekea kunguru. Humbwekea hata kijana wa maziwa anayemjua tangu akiwa kitoto.

Asubuhi ile hakutoa sauti.

Walitazamana. Mbweha akanyoosha shingo, akanusa hewa, kisha akageuka na kushuka bondeni kwa mchakamchaka, bila kuangalia nyuma. Chiku alibaki palepale mpaka jua likawa juu ya miti, na hata uji wake hakuushughulikia.

Jambo hili limenikaa rohoni wiki nyingi. Mwanzoni ulikuwa woga wa kawaida wa mtu mwenye mbwa: atang'atwa, ataambukizwa, atavutwa vichakani asirudi. Baadaye woga ule ukabadilika sura. Nikawa najiuliza ni nani hasa anayehitaji kulindwa kwenye lile pengo, na alindwe dhidi ya nani.

Njia ilikuwapo kabla ya ploti

Wanaoijua Mbaruk, hapa kwetu karibu na mji wa Nakuru, hawahitaji maelezo. Mashamba makubwa ya zamani yamekatwa vipande, vigingi vya mipaka vimepandwa, na kila msimu wa mvua kuna lori la mawe ya kujengea limekwama kwenye matope. Nyuma yetu, kuelekea Elementaita, bado kuna nyika na kuna hifadhi ya Soysambu. Upande wa mjini kuna Mbuga ya Ziwa Nakuru, kilomita za mraba 188 ndani ya ua wa umeme. Ua ule umewekwa kwa ajili ya vifaru na simba. Mbweha ana kilo saba au nane, akinenepa sana hufika kumi na ushei. Anapita mtaroni. Anapita chini ya seng'enge. Anapita palipopita mama yake.

Hilo la mama yake ndilo lililonishika nilipoanza kusoma habari zao. Mbweha wa mgongo mweusi huishi wawili wawili, dume na jike, na wakishapatana hukaa pamoja miaka. Wana eneo lao, wanaliwekea mipaka kwa mkojo, na wageni hawaruhusiwi. Patricia Moehlman, mtafiti aliyeanza kuwafuatilia Serengeti miaka ya 1970, alionyesha mwaka 1979 kwamba baadhi ya watoto wakishakua hawaendi zao. Wanabaki nyumbani mwaka mzima zaidi, wanawinda na kurudi kuwatapikia wadogo zao nyama, wanalinda pango wazazi wakiwa mbali. Familia yenye wasaidizi wengi zaidi ndiyo iliyofanikiwa kukuza watoto wengi zaidi.

Kaka na dada wakubwa wakilea wadogo. Nani katika sisi hakulelewa hivyo?

Kwa hiyo yule niliyemwona asubuhi ile hakuwa mzururaji aliyepotea njia. Ana mwenzake, pengine ana watoto mahali fulani kule bondeni, kwenye shimo la zamani la muhanga au kichuguu kilichotobolewa. Njia anayopita nyuma ya nyumba yangu huenda inatumika tangu kabla ya mpima ardhi kufika na kamba zake.

Sisemi hivi ili kumpamba. Mbweha anaiba kuku, na mwanambuzi akiachwa peke yake malishoni hamkosi. Lakini riziki yake ya kila siku ni panya, panzi, mende, kumbikumbi wakati wa mvua, matunda yaliyoanguka na mzoga wowote atakaoukuta. Sisi tunaoweka mahindi ghalani tunajua panya mmoja anaharibu kiasi gani kwa usiku mmoja. Mla panya afikiriwe vizuri kabla hajafukuzwa.

Mbwa ni askari

Ushauri wa kwanza nilioupata mtandaoni ulikuwa mfupi: mwingize mbwa ndani usiku. Kwa Uingereza, ambako mbweha wekundu wanaishi katikati ya London na kuzalia chini ya vibanda vya bustani, huo ni ushauri mwema. Mbwa wa kule analala jikoni au sebuleni, mlango unafungwa, basi.

Hapa kwetu nani anafuga mbwa ili alale ndani?

Chiku hufungiwa kibandani mchana na kufunguliwa jioni. Ndivyo mbwa wa mtaa huu wote walivyolelewa. Barabara yetu haina taa, na jirani wa tatu kutoka kwetu aliwahi kuamka akakuta zizi wazi na ng'ombe wawili hawapo. Mbwa ndiye kengele ya nyumba, ndiye askari. Na zamu yake ni zamu ya mbweha: giza linapoingia hadi kunapopambazuka.

Nilipomwambia baba watoto kwamba nafikiria kumfungia Chiku usiku, alinitazama kwa muda.

"Sasa tutakuwa tumemfuga wa nini?"

Sikuwa na jibu, na bado naliona swali lake kuwa la haki. Kila ninaposoma maandishi ya watu wanaopenda wanyama naona jambo hili linarukwa. Anayeandika amelala nyuma ya ukuta na mlango wa chuma, anamshauri mtu mwenye dirisha la mbao. Usalama wa watoto wangu siwezi kuuweka kando kwa sababu ya mbweha, hata nikimpenda namna gani. Wala siwezi kumtuma mbwa wangu akapigane kila usiku na wanyama wanaotetea watoto wao.

Maana kupigana kwenyewe hakuko kama watu wanavyodhani. Mbweha mmoja akikutana na mbwa mkubwa mara nyingi hukimbia. Hatari ni mbwa anapomkimbiza mpaka karibu na pango. Hapo wanatoka wawili. Mmoja anamkabili usoni, mwingine anamng'ata matakoni, mbwa akigeuka wanabadilishana. Hata fisi, mbweha humfanyia hivyohivyo. Mbwa anarudi nyumbani na majeraha madogomadogo ambayo mwenyewe huyaoni mpaka yameanza kunuka usaha, na kila jeraha ni mlango wa ugonjwa.

Nikamtafuta fundi, tukapanga jambo la katikati. Chiku ana uwanja wake sasa, umezungushwa wavu kutoka kibandani hadi kwenye lango na mlango wa jikoni. Anaona barabara, anasikia kila mtu, anabweka atakavyo, na mwizi hawezi kufika mlangoni bila kupita kwake. Nyuma ya nyumba, kwenye kayaba, hafiki. Wavu umefukiwa chini kiasi cha shibiri moja na nusu, kwa sababu mbweha na mbwa wote ni wachimbaji. Haikuwa rahisi mfukoni. Kama huna uwezo wa wavu, ziba mapengo ya kayaba kwa matawi yenye miiba na uyakague kila baada ya mvua kubwa, maana maji ndiyo yanayofungua njia.

Kuku wa mzee

Mzee wa ploti ya jirani alikuja jioni moja, akasimama langoni bila kupiga hodi kama kawaida yake. Alikuwa ameshika manyoya.

"Binti yangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wenu tunampa nini?"

Tulikwenda pamoja kuangalia banda. Ni banda la mabati yaliyochakaa, mlango umefungwa kwa kamba ya katani, sakafu ni udongo. Kwenye kona ya chini, upande wa bondeni, udongo ulikuwa umekwanguliwa ukaacha nafasi ambayo mkono wangu uliingia hadi kiwikoni. Kwenye ncha ya bati iliyopinda palikuwa na unywele mmoja, mweusi nchani, mweupe katikati. Nje kulikuwa na manyoya ya tetea, yametawanyika kidogo kidogo kuelekea chini, kisha yakakoma.

Alikuwa amepoteza matetea na jogoo aliyekuwa akimtunzia mwanawe anayekuja Krismasi. Kuku wale ndio ada, ndio dawa, ndio mgeni akija. Nilipomsikiliza sikuona cha kumwambia kuhusu wasaidizi wa Serengeti.

Kisha akasema mpwa wake amemshauri anunue dawa ya wadudu, aipake kwenye matumbo ya mbuzi, ayatupe bondeni. "Usiku mmoja tu, yaishe."

Usiku ule sikulala vizuri. Najua sumu inavyofanya kazi nchini mwetu. Wafugaji waliwawekea simba na fisi mizoga iliyotiwa karbofurani, dawa ya kuua wadudu shambani, na waliokufa kwa wingi ni tumbusi. Tumbusi wakiona mzoga hushuka kwa makumi, wote wanakula, wote wanakufa papo hapo. Idadi yao Kenya imeporomoka, na sumu ni sababu kubwa. Matumbo yale yakitupwa bondeni, mbweha ni mmoja tu wa watakaoyapata. Kuna paka. Kuna mbwa wa kila nyumba. Kuna watoto wanaoshuka kule kutafuta mapera, na mkono ulioshika chambo ndio unaoingia mdomoni.

Na hata sumu ikimfikia mbweha peke yake, mzee hatakuwa amepumzika. Eneo likibaki bila wenyewe, wengine wanahamia. Mara nyingi ni vijana waliofukuzwa kwingine, wasioijua nchi, na banda la kuku ndilo windo rahisi la kuanzia.

Nilimwambia haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa. Lakini kuku wangu?"

Swali la daktari

Daktari wa mifugo alikuja kumwangalia Chiku. Nilitaka kujua kama mbweha anaweza kumpa kichaa cha mbwa. Akaichukua kadi ya chanjo, akaisoma, akaona kila mwaka umewekwa muhuri, akairudisha.

"Huyu yuko salama. Wale wengine je?"

Wengine gani?

Akaonyesha barabarani. Walikuwa watatu, wamejikunyata kando ya kibanda cha bucha wakisubiri mifupa. Mbwa wa kila mtu na wasio wa mtu. Jike mmoja alikuwa na chuchu zilizojaa.

Akanieleza jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kwa kila aliyetayari kunisikiliza. Mbweha anaweza kupata kichaa cha mbwa na anaweza kumwambukiza mbwa au mtu, hilo ni kweli. Kusini mwa Afrika kuna sehemu ambako mbweha wenyewe wanauendeleza ugonjwa. Lakini watafiti waliofuatilia virusi hivyo kwa miaka mingi kuzunguka Serengeti walikuta kwamba wanaouendeleza huku ni mbwa wa vijijini. Wanyama wa porini wanaupata kutoka kwao, wanaupitisha kidogo, halafu unazimika. Mbwa wakichanjwa vya kutosha, hata porini unapungua.

Kiwango kinachotajwa ni asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, na msingi wake ni asilimia hiyo, mwaka baada ya mwaka. Duniani watu wapatao 59,000 hukadiriwa kufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Si mbweha. Mbwa.

Nimeshindwa kulisahau hilo. Nilikuwa nimemwita daktari aje amlinde mbwa wangu na mbweha, na alipoondoka alikuwa ameniacha nikiwatazama mbwa wa bucha.

Kwa mzazi anayesoma hapa, tafadhali shika jambo moja. Mtoto aking'atwa au akiparurwa na mbwa, mbweha au mnyama yeyote usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo akaanzishiwe sindano. Usipake mafuta, usifunge dawa ya kienyeji, usingoje uone kama mnyama atakufa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na mbweha anayekuja mchana kweupe, asiyeogopa watu, anayeyumba au kutokwa na mate, usimkaribie wala usimwinde. Waite KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na watu wa mifugo.

Yule wa kayaba alikuwa ameniona akaondoka. Mwenye afya hufanya hivyo.

Mwaka 1994

Kichaa cha mbwa kila mtu anakijua. Distempa wengi hawaijui, au wanaijua kama ule ugonjwa wa vitoto vya mbwa: macho yanatoa tongo, pua inatiririka, kuhara, kisha kutetemeka na kufa.

Mwaka 1994 distempa iliingia kwa simba wa Serengeti. Watalii waliona simba wakianguka na kutetemeka mbele ya magari yao. Ulipopita, takriban theluthi moja ya simba wa mbuga ile, kama 1,000 hivi, walikuwa wamekufa. Fisi na mbweha masikio nao walikufa, na ugonjwa ukavuka hadi Maasai Mara. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na mbuga. Kabla ya hapo, kufikia mwaka 1991, makundi ya mbwamwitu yaliyokuwa yakichunguzwa Serengeti yalikuwa yametoweka, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa miongoni mwao. Mwaka 2017 distempa iliwamaliza mbwamwitu wengi wa Laikipia, makundi mazima. Laikipia si mbali na hapa.

Simba, mfalme wa nyika, aangushwe na ugonjwa wa kitoto cha mbwa.

Nikafikiria lile pengo la kayaba upya. Pua mbili, hatua mbili. Nilikuwa nimeangalia upande mmoja tu.

Sufuria

Kwa nini Chiku hakubweka?

Fundi wa wavu ndiye aliyenipa jibu, bila kukusudia. Alipokuwa akichimba mashimo ya nguzo aliniita niangalie nyayo kwenye udongo laini karibu na bomba. Za Chiku ni pana na zimetawanyika. Zile nyingine zilikuwa ndogo, ndefu kidogo, zimefuatana karibu katika mstari mmoja, na zilikuwa za umri tofauti: nyingine zimekauka na kupasuka, nyingine mbichi za usiku uliopita. Zote zilielekea mahali pamoja.

Kwenye sufuria ya mbwa.

Kila jioni mbwa wa huku hupewa ugali uliochanganywa na omena au mchuzi wa mifupa, na sufuria hubaki nje hadi asubuhi. Chiku hula nusu, akarudia usiku wa manane. Mbweha alikuwa akila naye, au baada yake, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kudhani. Hawakuwa wageni kwa kila mmoja. Chiku alinyamaza kwa sababu alimjua.

Kwa dakika chache nilifurahi. Kuna kisa ambacho bibi alitusimulia, na najua jamii nyingi zinacho kwa namna yake: mbwa na mbweha walikuwa ndugu wakiishi pamoja porini, baridi ikawazidi, mbwa akatumwa kijijini kuomba moto, akakuta mifupa jikoni, akabaki. Ndiyo maana mbweha hulia usiku, anamwita ndugu yake arudi na moto. Nilijiona nimeshuhudia mwisho wa kisa kile, ndugu wamepatana kwenye sufuria moja.

Halafu nikakumbuka distempa hupita kwa mate na makamasi, na kwa chombo kimoja cha chakula.

Hapo ndipo uamuzi ulipoiva. Urafiki ule, hata uwe mzuri wa kutazama namna gani, ulikuwa unaweza kumuua mmoja wao na familia nzima iliyo nyuma yake. Sikutaka kumfukuza mbweha duniani. Nilitaka asiwe na sababu ya kuja mlangoni kwangu. Sasa Chiku anakula jua likiwa bado lipo, amesimamiwa, na sufuria inaoshwa na kuingizwa ndani. Maganda na mabaki ya nyama yanafukiwa chini sana au yanawekwa kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana. Avokado zilizoanguka zinaokotwa kabla ya giza. Mbali na kichaa cha mbwa, Chiku amechanjwa pia ile chanjo ya pamoja ya distempa na pavo, ugonjwa mwingine wa mbwa, ambayo wengi wetu tunaiacha kwa sababu bei yake si ya mchezo. Ukiweza kuchagua kati ya hiyo na kola mpya, chagua chanjo.

Nyayo mbichi zilipungua, kisha zikahamia nje ya kayaba. Bado anapita. Haingii.

Mwenye upele

Katika wiki hizo nilimwona mwingine, mdogo zaidi, mchana, ng'ambo ya bonde. Mkia wake haukuwa na manyoya, ulikuwa kama kamba, na alikuwa akikaa kila baada ya hatua chache kujikuna. Ni upele, ule unaoletwa na utitiri wanaochimba chini ya ngozi. Mbwa wa bucha wanao pia.

Dawa yake inauzwa kila agroveti. Nilifikiria kuiweka kwenye kipande cha nyama na kumwachia njiani. Nilifikiria sana, maana kumwona anavyojikuna kunaumiza.

Daktari alikataa. Kiasi cha dawa kinapimwa kwa uzito wa mnyama, na nyama iliyoachwa chini haina jina la mwenyewe. Anaweza kuila paka, kuila kitoto cha mbwa, au mbweha yuleyule akaila mara tatu. Tena ningekuwa nimerudisha desturi ya kumlisha niliyotoka tu kuivunja. Akanipa njia nyingine, ndefu: tuwatibu mbwa wa bucha, ambao wanashikika.

Sijaridhika moyoni na jibu hilo. Nalikubali kwa sababu ni sahihi, lakini yule mdogo hatanufaika nalo kwa wakati. Nimewaarifu KWS alipoonekana na hali yake, na kila nikianika nguo naangalia ng'ambo.

Tulipofika

Banda la mzee tulilishughulikia pamoja. Vijana wa mtaa walikuja, wengine kwa sababu ya kuku wao wenyewe. Tuliweka wavu mgumu wenye matundu madogo chini kuzunguka banda lote, tukaufukia na kuukunja kuelekea nje, ili mchimbaji akianza kuchimba akutane na waya mara moja. Bati lililopinda lilipigiliwa. Kamba ya katani ikatolewa, tukaweka komeo la chuma. Mlango wa banda sasa unafungwa kabla jua halijazama, na hiyo ndiyo kazi ya mjukuu wake, ambaye anaichukulia kwa uzito kuliko masomo.

Mzee hajasema ameshawishika. Alichosema ni kwamba akikosa kuku mwingine atafanya anachokijua. Nikamwomba anipigie kwanza, hata kama ni saa nane za usiku. Akatoa simu akaandika namba yangu. Dawa hajanunua.

Daktari alishakuja mara ya kwanza kuchanja mbwa wa upande wetu, wakiwemo wawili kati ya wale wa bucha. Yule jike alitushinda. Ana watoto sasa, chini ya kontena, na hakubali mtu asogee. Muuza nyama amekubali kuanza kumzoesha kwa mifupa ili tumshike watoto wakishaacha kunyonya, achanjwe na kufungwa uzazi.

Jumamosi hii ni zamu ya ng'ambo ya reli, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa kanisa. Wengi wa mbwa wa kule hawajawahi kufungwa kamba maishani mwao, na shida yetu kubwa mara iliyopita ilikuwa mbwa kukatika na kukimbia kabla hawajafikiwa. Mwenye kamba za ziada, minyororo, au gunia nene la kumfunika mbwa mkali, aje nalo. Watoto waje na watu wazima. Na kama unamjua mtu ambaye mbwa wake hazuiliki kabisa, niambie mapema, daktari atapita nyumbani kwake baada ya saa saba.